Mikwaju kwa Penseli

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini nikianza bila kukuamkia nitajiona kama nimeingia jikoni na viatu vya matope, na wewe ungenirudisha mlangoni.

Leo Jumatatu, saa nane mchana, klabu ya gofu haina mtu. Jua la mwezi wa kumi unalijua lilivyo. Nyasi zote zimekuwa rangi ya chapati, na zile brauni, viduara vya mchanga na oili chafu vyenye shimo katikati, zinanuka mpaka huku kaunta. Somo wako amelala nyuma yangu juu ya kanga yako ya zambarau. Veronika ametoa meno mawili ya chini na anayajaribu kwangu kila akinyonya. Baba yake yuko barabarani na lori la tumbaku, leo Urambo, kesho sijui wapi. Kwa hiyo tuko mimi na mtoto, na birika lako, na daftari lako. Nimechoka, Mama, sikufichi. Ila sikuandikii ili nilie. Nilikosea jambo, nikalirekebisha, na mtu wa kumsimulia akaelewa yote ni wewe peke yako.

Ulipotutoka, Kapteni wetu, Mzee Salum, alikuja msibani kwetu Isevya na doti mbili za kitenge kutoka dukani kwake. Tulipomaliza arobaini akaniita. "Mwanangu Nyamizi, chai utaendelea kupika, hilo halina mjadala. Lakini kuwagawia wachezaji mikwaju yao ya bure ni jambo lingine. Kamati inataka mtu aliyesoma. Nimewaomba wakupe shindano moja, lile la wageni wa Nzega. Likienda sawa, meza ya mama yako ni yako. Likiharibika, sitakuwa na la kuwaambia."

Aliyesoma! Mimi na ile sifuri yangu ya hesabu kidato cha nne uliyomficha shangazi.

Lakini hata wewe meza ile hukupewa kwa sababu ya shule. Ulikuwa mpishi wa chai tu. Karani wa zamani alipoondoka, wakagundua kwamba mtu pekee anayejua nani anacheza vipi ni yule anayewamiminia chai. Ulikuwa unaniambia, "Mtu akija kaunta kimya akaomba chai kavu, huyo amepiga mikwaju mia na kumi, siku imemharibikia. Akiomba sukari ya ziada na kuanza kunionyesha kwa mkono mpira ulivyopaa, huyo ameshuka chini ya tisini." Wakakupa daftari. Ukaandika jina lako juu yake kwa wino wa buluu, ukalivalisha gazeti, na humo ukaweka handikapu za klabu nzima miaka yote hiyo bila wewe mwenyewe kupiga mpira hata mmoja.

Baada ya arobaini niliandika jina langu chini ya lako. Kwa penseli. Sikuthubutu zaidi ya hapo.

Unakumbuka uliponifundisha? Nilikuwa darasa la sita, nimekaa juu ya kreti la soda. Nikakuuliza kwa nini watu wazima wanapeana mikwaju ya bure. Si ni kudanganyana? Ukanikumbusha kisimani. Dada Regina alikuwa anabeba ndoo kubwa, mimi nabeba jagi. "Nikikupa na wewe ndoo, utaimwaga njiani. Nikimpa Regina jagi, atafika anacheza. Mimi nataka wote mfike mmechoka sawa." Basi, handikapu ndiyo hiyo. Mchezaji mzuri anapewa michache, dhaifu anapewa mingi, unaipunguza kwenye hesabu yake, halafu mnaona nani leo amejitahidi. "Na usimwonee mtu huruma," ukasema. "Mpime."

Hilo nililielewa siku ile ile. Lililonisumbua miaka ni kwamba namba ya mtu haikai. Ana ishirini kwenye ubao, lakini kwenye kadi mara unamwandikia ishirini hiyo hiyo, mara kumi na saba, mara sita. Nikadhani unapendelea watu. Ukacheka mpaka ukaweka birika chini. Ukanieleza kwamba anayecheza peke yake unampa zote, ishirini inabaki ishirini. Wawili wakishindana uso kwa uso, shimo kwa shimo, unatafuta tofauti yao tu. Mwenye nguvu anakaa sifuri, mwenzake anachukua tofauti yote. Wawili wakipiga mpira mmoja kwa zamu, unajumlisha za wote, unagawa nusu. Na wawili wakiwa upande mmoja, kila mtu na mpira wake, ikahesabiwa kwenye kila shimo kazi ya aliyefanya vizuri tu, hapo unakata. Ishirini inakuwa kumi na saba.

"Lakini mtu si ni yule yule, Mama?"

"Mtu ni yule yule. Mzigo ndio umebadilika. Ndoo ikibebwa na wawili, mmoja akijikwaa mwenzake anaishika. Sasa ukiwapa msaada ule ule wa mtu anayebeba peke yake, hao watafika nyumbani wanaimba."

Yote hayo nilikuwa nayajua, Mama. Ndiyo maana nimeona aibu. Kama nisingejua ningejisamehe haraka.

Ijumaa ile kabla ya shindano Veronika alikuwa na homa ya meno. Nikasema nijirahisishie kesho, niandike kadi zote mapema. Kapteni alikuwa ameshasema kila mtu atacheza peke yake kwa pointi, kila shimo na pointi zake, mwenye nyingi ndiye mshindi. Nikakaa mezani mchana, mtoto mgongoni, nikaandika majina, na mbele ya majina nikaandika mikwaju. Wote kwa wino. Wewe unajua ulivyokuwa unafanya: jina la mtu kwa wino, mikwaju yake kwa penseli, mpaka Kapteni asimame wakati wa chai atangaze mchezo wa siku. Ndipo unapitishia kalamu. Watu walikuwa wanakutania, "Veronika, hizo penseli ni za chekechea." Nawe unawajibu, "Penseli haina aibu." Mimi nilidhani ni mazoea yako tu, kama kufunga gazeti kwenye daftari.

Jumamosi wageni wa Nzega wakaja wachache. Gari lao moja liliharibika njiani. Kapteni akasimama na kikombe mkononi: "Jamani, leo tunabadilisha. Wawili wawili, kila mtu na mpira wake, pointi za aliye bora." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namtoa Veronika povu la uji puani. Nikasikia, nikaelewa, nikagawa kadi. Kadi za wino. Mikwaju ya watu wanaobeba ndoo peke yao.

Wakashinda Bwana Mashaka na Dokta wa mifugo. Mashaka unamjua, mnunuzi wa tumbaku wa Urambo, yule anayeagiza maandazi mawili na kula manne. Wakapata pointi arobaini na saba. Wageni wawili, mafundi wa mgodini wenye handikapu ndogo, sita na nane, wakapata arobaini na tano. Mmoja wao akasema kwa sauti, "Tabora mnagawa mikwaju kama pilau ya harusi." Wote wakacheka, hata mimi. Mashaka akapakia zawadi kwenye gari, ndoo nzima ya asali ya porini, Kapteni akanipa mkono. "Hongera, mwanangu. Limekwenda sawa."

Nililala usingizi wa jiwe, Mama. Usiku mmoja tu.

Jumapili baada ya misa nikaja kukusanya vikombe. Mtoto akataka kunyonya, nikakaa mezani kwako. Kwa mkono mmoja nikafungua daftari, ikaanguka kadi ya zamani uliyokuwa unaitumia kuweka alama. Jina la marehemu mwalimu mmoja kwa wino. Mbele yake 18, kwa penseli, imefutwa ikabaki kivuli. Juu ya kivuli, 15, kwa wino. Na pembeni mwandiko wako: wawili.

Nikaiangalia. Jana walicheza wawili wawili, na mimi sikukata mkwaju hata mmoja.

Nikachukua kadi za jana. Mashaka nilimpa ishirini na nne, alistahili ishirini. Dokta nilimpa ishirini, alistahili kumi na saba. Wale wageni, kwa sababu zao ni chache, nilikuwa nimewazidishia mmoja mmoja tu. Unaona lilivyo? Kosa langu liliwaongezea zaidi waliokuwa na mingi tayari. Mashimo yetu ni tisa na yanazungukwa mara mbili, kwa hiyo kila shimo nikalipitia mara mbili kwa kidole, mtoto kifuani. Mashaka na mwenzake wakashuka mpaka arobaini na tatu. Wageni arobaini na nne. Nikarudia. Nikarudia tena. Arobaini na nne.

Sababu za kunyamaza zilikuwepo, tena nzuri. Hakuna aliyeona. Wageni wameshaondoka, asali imeshaondoka. Meza nimeshapewa, na meza hii ndiyo maziwa ya mtoto baba yake akichelewa. Nikamwangalia Veronika, ameshiba, ananitazama kwa yale macho yako. Nikasema kwa sauti, klabu tupu, "Hata wewe usinitazame hivyo."

Jumatatu asubuhi nilikuwa dukani kwa Mzee Salum kabla hajamaliza kutandaza vitambaa. Nikamweleza. Alikuwa anampimia mteja kanga, akaendelea kupima, akakata, akafunga, akarudisha mkasi mahali pake.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Mzee."

"Na unaniletea mwenyewe."

"Ndiyo."

"Kamati itasema, Nyamizi."

"Iseme, Mzee. Lakini iseme juu ya namba zilizo sahihi."

Akachukua simu akampigia yule fundi wa Nzega palepale, sauti ya wazi ili na mimi nisikie. Jamaa akasikiliza mpaka mwisho. "Dada, hili nalo la kupiga simu?" Nikamwambia ndiyo, ni la kupiga simu, ushindi wenu wa pointi moja ulibaki huku. Akacheka. "Basi nitunzieni asali yangu. Na mwambieni Mashaka asiionje."

Alikuwa ameshaionja, bila shaka.

Jioni ile jua halijazama wakakaa barazani: Kapteni, wanakamati wawili, Dokta, na Mashaka ambaye alikuja kutoka Urambo na vumbi lake lote. Nikawaamkia, nikaweka kadi mezani. Mashaka hakukaa.

"Asali nimeshawagawia watu. Unataka nizunguke Urambo niwatapishe?"

"Hapana. Nataka uone kadi yako."

"Binti, una maziwa begani, halafu unataka kunifundisha gofu?"

Nikaangalia bega. Kweli, lilikuwepo doa kubwa. Nikasema, "Maziwa ni ya mtoto, Bwana Mashaka. Pointi zako ni arobaini na tatu."

Mwanakamati mmoja akageuka kukohoa. Nikaanza kuwapitisha. "Shimo la saba, lile la korongo. Mzunguko wa kwanza nilikupa mikwaju miwili, ulistahili mmoja. Mzunguko wa pili vilevile. Shimo la pili, lenye kichuguu, vilevile mara mbili. Mara tatu kati ya hizo nne mpira wako ndio uliohesabiwa. Na kwa Dokta, mara moja, shimo la nne. Jumla pointi nne. Kosa ni langu, sikuwaibia kwa makusudi, na wala nyinyi hamkuiba. Lakini hamkushinda."

Dokta akavuta kadi, akavaa miwani, akahesabu kwa midomo. Tukamngoja. Kunguru walikuwa wanagombania kitu kule kwenye brauni ya tisa, nadhani mpira wa mtu. Akavua miwani. "Mashaka, mwanao huyu yuko sahihi."

"Si mwanangu!"

"Basi, binti wa watu yuko sahihi."

Mwanakamati wa pili, yule mwembamba, akasema kile nilichokuwa nakiogopa. "Sawa, lakini huyu ndiye wa kumpa meza? Kapewa shindano moja, kaliharibu."

Kapteni hakupandisha sauti. "Karani aliyekuwepo kabla ya Veronika, alikosea mara ngapi?"

"Hatujui."

"Hatujui. Hilo ndilo tatizo letu." Akafuta jina la Mashaka na la Dokta kwenye ubao wa washindi kwa kitambaa, akanipa mimi chaki niandike ya wageni. "Jumamosi ijayo apange tena. Tutaamua hapo."

Ile wiki, Mama, ilikuwa ndefu kuliko mimba. Nilichemsha, nikafua, nikabeba mtoto, nikachonga penseli zako zote saba. Kile kipande kifupi chenye alama za meno yako nilitaka kukuwekea mkononi siku ile ya kukuzika, nikashindwa, nikakificha kwenye sidiria. Nafurahi nilishindwa. Ndicho nilichokitumia.

Juzi Jumamosi nikaandika kadi. Majina kwa wino, mikwaju kwa penseli. Nikaziweka zimejipanga kama ulivyokuwa unazipanga, mwenye handikapu kubwa mwanzo, na nikaanza kumimina chai. Akaja mwanachama mpya, kahamia juzi tu kutoka Dar, viatu vyeupe. Akaiokota kadi yake akaikwaruza kwa ukucha.

"Sista, hii namba mbona ya penseli? Hapa mko siriasi kweli?"

Nyuma yake nikasikia sauti ninayoifahamu, mdomo umejaa andazi.

"Tulia wewe. Mchezo haujatangazwa." Mashaka akameza. "Kwani unajua utabeba peke yako au na mwenzako? Weka kadi mezani, kunywa chai."

Hakunitazama. Akaweka kaunta chupa ndogo ya asali, ile iliyobaki baada ya kujaza upya ndoo ya Nzega, akasema ni ya kikohozi cha mtoto. Nikamwambia mtoto wa miezi tisa hapewi asali. Akasema, "Basi ya mama yake. Jamani, hata asante inapimwa?" Nikasema asante. Nikamwongezea andazi, moja tu.

Kapteni akasimama. Uso kwa uso, akasema, shimo kwa shimo. Nikafuta, nikatafuta tofauti, nikaandika. Mashaka na mgeni wa viatu vyeupe walipangwa pamoja, ishirini na nne kwa kumi na moja. Mashaka kumi na tatu, mgeni sifuri. Nikapitishia wino. Hakuna aliyeuliza swali.

Walipomaliza kucheza nikakuta ufunguo wa kabati la kadi mezani, juu ya daftari. Ule wenye uzi mwekundu ulioufunga wewe. Mzee Salum alikuwa ameshaingia garini, akanipungia mkono tu kama mtu aliyesahau kitu kidogo.

Ndiyo habari yenyewe, Mama. Nimekaa hapa siku mbili nikiifikiria ile ndoo ya wawili. Tangu uondoke nilijiona nabeba peke yangu, na nikawa nadai mikwaju yote. Nikikasirika napewa, nikichelewa napewa, nikilia bafuni najipa. Labda sijabeba peke yangu kiasi kile. Kila nilipojikwaa kuna mkono ulishika upande wa pili wa ndoo, na mwandiko wake naujua. Kwa hiyo nimejikatia mikwaju. Kidogo. Unipime na wewe uone kama imekaa sawa.

Nakuahidi haya. Sitampendelea mtu kwa sababu ananichekea, wala sitambana kwa sababu alinitukana. Nikikosea nitalileta mwenyewe kabla halijaletwa. Na somo wako akifika kimo cha kreti la soda, nitamkalisha pale pale.

Ameamka. Nasikia anaivuta kanga. Pumzika, Mama, chai ya leo iko mikononi mwangu.

Kabla sijamnyanyua nimelivuta daftari nikapitisha wino wa buluu juu ya jina langu, taratibu, chini ya lako.

Mwanao,
Nyamizi